Chumba Kisicho na Mlango wa Ndani

Benchi letu ni ubao mmoja mnene ulioazimwa kwenye jengo fulani na haukurudishwa, umelazwa juu ya matofali mbele ya duka la kinyozi. Umeme tunaupata kwa waya unaopita chini ya mlango wake. Kwa sababu hiyo kinyozi ndiye anayechagua stesheni ya redio, na sisi ndio tunaovumilia. Shangazi anauza kahawa kwenye ncha ya benchi, birika juu ya jiko la mkaa, vikombe ndani ya ndoo, na kila anayekunywa kwake humwita Shangazi, hata wanaomzidi umri. Nyumbani kwangu umeme upo na meza ipo. Tangu mke wangu afariki naleta kompyuta hapa, kwa kuwa hapa kuna kelele. Wananiita Digrii, kwa sababu ninayo moja, ya kemia ya maji, na kwa sababu katika miaka yote hii hawajaona imenisaidia nini. Alasiri hiyo nilikuwa nachora chumba.

—Hiyo si barua, alisema Breki.

Breki aliendesha basi la abiria mpaka mgongo ulipomkatalia. Jina tulimpa kwa sababu mdomo wake hauna.

—Nimesema ni barua?

—Hukusema kitu. Ndicho kinachonitia wasiwasi. Mtu wa barua anabonyeza herufi. Wewe unavuta mistari.

—Ni ramani ya nyumba.

—Ya nani?

—Yangu.

—Nyumba si unayo?

—Naongeza chumba.

Breki alisogea karibu, ubao ukalia. Upande wa pili Wakili alishusha gazeti. Wakili si wakili. Aliwahi kuitwa mahakamani kuwa shahidi katika kesi ya mpaka wa kiwanja, akaambiwa ajibu ndiyo au hapana, akajibu kwa methali, na hakimu akamtoa nje. Tangu hapo ndiye anayetushauri mambo ya sheria.

—Mgane anaongeza chumba, alisema taratibu. Lisemwalo lipo.

—Hakuna aliyesema kitu, nikamwambia.

—Kama halipo, laja.

Ukweli ulikuwa mfupi, ila sikuwa huru kuusema. Chumba kilikuwa cha mama mkwe wangu. Tangu tumzike binti yake anaishi peke yake, ghorofa ya pili, na magoti yameanza kumsumbua. Shemeji yangu, mwanawe wa kiume, anataka kumhamishia kwake, mji mwingine ambako hamjui mtu, na alitaka jibu Jumapili. Mimi nilikuwa nimemwomba aje kwangu. Hakukataa. Alisema atatazama kwanza ninachotaka kujenga, na kwamba akisikia neno moja mtaani juu ya mkwe na mama mkwe kukaa pamoja, atakwenda kwa mwanawe na tusilizungumze tena. Nilitaka sana aje. Ndiye mtu pekee aliyebaki anayemtaja mke wangu kwa jina lake la utotoni. Tulipatana apite nyumbani jioni hiyohiyo akitoka kliniki, auone mchoro.

Kwa hiyo nilinyamaza, na hapo benchini kunyamaza ni sawa na kukiri.

—Nani kakufundisha hii kazi? aliuliza Breki.

—Nimejifunza kwa video.

—Video ya nani?

—Kijana mmoja. Haonyeshi uso.

—Mikono je?

—Hata mikono. Unaona mshale tu, na sauti.

—Wakili, mwenzetu anajengewa nyumba na mshale.

—Mwanzoni nilikosea, nikasema, nikitumaini kosa lingewapendeza zaidi ya ukweli. Niliandika upana wa chumba nne, nikimaanisha mita. Programu ikaelewa milimita. Chumba kikatoka kidogo kuliko punje ya mchele.

—Na ulikiona vipi?

—Sikukiona. Nilikitafuta asubuhi nzima.

—Unaona, alisema Breki. Chumba kinajificha kabla hakijajengwa. Na hivi vipande vya tikiti ni nini?

—Milango. Huu mstari ndio ubao wenyewe, na huu mviringo ni njia unayopita ukifunguka.

—Na hii mistari ya kukatika-katika, inayozunguka nyumba nzima?

—Ukingo wa paa. Uko juu ya kuta, ndiyo maana haukuchorwa kwa mstari kamili.

Breki alikunywa funda moja, akalishikilia mdomoni, akalimeza.

—Mimi nimeendesha basi maisha yangu yote. Barabarani mstari mzima unakukataza, mstari wa kukatika-katika unakuruhusu upite. Sasa hapa kuna mtu ameruhusiwa kupita, na anapita chini ya nyumba.

—Nimesema juu.

—Umesema juu ili tusilitazame handaki la chini.

—Breki, kunywa kahawa yako, alisema Shangazi.

Huenda ingeishia hapo, kwa sababu Breki akishafika kwenye mahandaki huwa hana mahali zaidi pa kwenda. Lakini Nondo alikuwa anavuka barabara, vumbi la saruji limemfika kwenye nyusi. Nondo ni fundi ujenzi, na kati yetu ni yeye tu anayejua kusoma ramani.

—Digrii anajenga, Breki akamwarifu kabla hajafika.

Nondo hakukaa.

—Anajenga na nani?

—Bado sijatafuta fundi, nikasema.

—Hujatafuta fundi. Aliyarudia maneno yale kama mtu anayeonja maziwa asiyoyaamini. Birika moja tunakunywa, ubao mmoja tunakalia, halafu mtu anasema hajatafuta fundi.

—Nilitaka mchoro ukamilike kwanza.

—Umeshampa mtu.

—Sijampa mtu.

—Yule wa karibu na kituo, mwenye mashine ya kuchanganya zege. Juzi alipita hapa akakusalimia wewe peke yako. Nikajiuliza, anamsalimia kwa lipi?

—Ananifahamu.

—Ndipo hapo sasa.

Alikaa hata hivyo, kwa sababu mchoro ulikuwa wazi mbele yake na mkono wa fundi hauwezi kukaa mbali na ramani. Aliinamia kioo. Alipitisha ukucha kwenye ukuta wa nje, akapima kwa macho, akaguna. Mguno wa kwanza ulikuwa wa kuridhika. Wa pili haukuwa.

—Mlango huu mpana wa nini?

—Upitike vizuri.

—Nani anapita vizuri?

Nilivuta mchoro kando kidogo; ukucha wake ukaufuata.

—Na hapa hujaweka ngazi. Umeweka mteremko. Na hiki kijifimbo ukutani, kando ya choo?

—Chuma cha kushikilia.

Nondo aligeuka akawasomea wengine, kama karani anayesoma matokeo: mlango mpana, mteremko, chuma chooni.

—Mke mpya, alisema Breki. Mnene.

—Breki, mwenzako kafiwa, Shangazi akasema.

—Kwani namlaumu? Nasoma ramani. Mlango mpana, ili asipite kwa ubavu. Mteremko, kwa sababu ngazi zinamkata pumzi. Chuma, ili ashikilie. Huko ndani zaidi mimi sikuingia.

—Mke huingizwa kwa mlango wa mbele, alisema Wakili. Huyu geti lake liko barabara ya nyuma. Mke gani wa ndoa anapitia nyuma? Na kwa nini hakuna ngazi? Wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka. Mwenzetu ameondoa ngazi kabisa, ili anayeingia asishuke tena.

—Methali hiyo haihusu ngazi za nyumba.

—Methali haina anwani, bwana. Inafika inapotaka.

Nondo hakuwa anasikiliza. Kidole chake kilikuwa kimesimama katikati ya mchoro, mahali nyumba ya zamani inapogusana na chumba kipya.

—Ngoja kwanza. Hapa umesahau mlango.

—Wapi?

—Hapa. Sebule yako hii, chumba hiki, katikati ukuta mtupu. Mtu wa chumbani anaingiaje sebuleni?

—Haingii.

—Umesahau, Digrii. Usione aibu, inatokea. Mimi niliwahi kujenga stoo, nikapandisha tofali mpaka juu, mwenye nyumba akaja kuniuliza mbona niko ndani.

—Sikusahau, nikasema.

Neno hilo ndilo lililoharibu alasiri. Redio ilipunguzwa. Kinyozi akatokea mlangoni na mashine mkononi, na nyuma yake, kwenye kioo, nilimwona mteja wake amenyolewa upande mmoja akinyoosha shingo asikie.

—Amekusudia, alisema Nondo kwa sauti ya chini.

—Tuhesabu, alisema Wakili. Jiko lake. Choo chake. Geti lake. Na ua nao, tazameni, ua umekatwa kwa ukuta toka nyuma mpaka mbele. Hapo hajaongeza chumba. Hizo ni nchi mbili.

—Zinapakana tu.

—Na hazina ubalozi. Ndugu zangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta huu hapa. Sasa tuulize, ufa ulikuwa wapi?

Ukuta ule niliuchora kabla ya kitu kingine chochote, na kila kipimo kilichofuata nilikichukua kutoka kwake. Nilifikiri hivi: kukiwa na mlango, watu watasema mkwe na mama mkwe wanakaa mlango mmoja. Nikaacha mlango. Nikafikiri juu ya ua, nikaukata ua. Nikafikiri juu ya geti, nikampa geti lake kwenye barabara nyingine. Programu ile haibishani na mtu. Ukiigusia mwanzo na mwisho wa mstari, inaweka ukuta, unene uleule, mara ngapi utakavyo. Nilikuwa nimefunga kila njia ambayo maneno yangeweza kupita, na sasa maneno yalikuwa yamekaa pande zangu zote mbili, yanakunywa kahawa.

—Mashine, alisema Nondo. Ndani kunawekwa mashine. Nimewahi kujenga karakana. Mashine huingizwa kwa mteremko, mlango lazima uwe mpana, na ikishakaa inafungwa kwenye chuma.

—Chooni? aliuliza kinyozi.

—Mashine zinatofautiana.

—Mashine ya nini?

Hapo Breki alinyanyua kidole, polepole, kama mtu aliyeona taa ya gari lingine kwenye kona.

—Digrii yake ni ya nini?

—Ya maji, walijibu.

—Ya maji. Chumba kina bomba lake. Kina shimo lake la maji machafu, kile kiduara kule. Hakigusani na nyumba popote. Maji ya kule hayachanganyiki na maji ya huku. Sasa niambieni, mtu aliyesomea maji, aliyefanya kazi maabara ya maji, anatenga maji yake na maji yetu. Anajua nini?

Wote walitazama vikombe vyao.

—Kahawa yangu msiiangalie hivyo, alisema Shangazi.

—Hatuiangalii kahawa, Shangazi. Tunayaangalia maji.

—Maji ni ya bomba hilohilo mnaloogea.

—Ndiyo maana, alisema Breki, akaweka kikombe chini.

Nondo naye akaweka chake. Kinyozi alimuuliza mteja wake kama anaona kichwa kinamwasha.

—Maji hayana tatizo, nikasema. Niliyapima mimi mwenyewe kwa miaka mingi.

—Na sasa umeacha kuyapima.

—Nimestaafu.

—Kwa hiari?

Nilitaka angalau kuwaondolea machoni kitanda nilichokichora chumbani, kwa kuwa Breki alikuwa amekigeukia, anakadiria kinalaza wangapi. Programu hupanga mchoro kwa tabaka. Kuta ziko kwenye tabaka moja, milango kwenye jingine, samani kwenye jingine, na kila tabaka unaweza kulizima bila kulifuta. Nikazima samani.

—Kitanda kimekwenda wapi?

—Nimekizima.

—Kitanda kinazimwa?

—Kipo. Hakionekani tu.

—Wakili.

—Nimeona. Mkija kuulizwa, semeni kwamba nilikuwepo.

—Mtu mwenye nia safi hafichi kitanda, alisema Nondo.

—Na ndiyo maana wahenga wakasema, mficha maradhi—

Wakili alinyamaza. Alikuwa amekumbuka amekaa na nani. Lakini nusu ya methali ilikuwa imeshatoka, na hakuna mtu pale asiyejua kwamba nusu ya pili ni kifo, na kwamba kifo ndicho kinachoumbua.

Redio ilikuwa ikitangaza hali ya hewa. Kinyozi alirudi ndani bila kuaga. Mke wangu hakuficha maradhi yake. Alimwambia kila aliyepaswa kujua, kwa utaratibu, akianza na mama yake, na wengine akawaachia kazi ya kumfariji waliyoona inawafaa. Sikuwaambia hilo. Shangazi alinijazia kikombe kabla sijaomba.

—Nisamehe, ndugu yangu, alisema Wakili.

—Hakuna neno.

Nikawasha samani. Kitanda kikarudi mahali pake.

Nondo alikwangua saruji iliyoganda kwenye kiganja. Kisha Breki akaanza tena, ila safari hii alikuwa amepunguza mwendo.

—Mimi nina wasiwasi wa aina nyingine. Kulikuwa na dereva mwenzangu. Mkewe akafariki. Uani kwake kulikuwa na basi bovu la tajiri, limeegeshwa likingoja vipuri. Akahamia humo. Nyumba ipo, vyumba vipo, yeye analala kiti cha nyuma. Sisi tunampelekea chakula, tunampitishia dirishani kama abiria.

—Ikawaje? aliuliza Shangazi.

—Vipuri vikaja.

—Nauliza yeye ikawaje.

—Alishuka. Kituo gani, sikujua. Breki alinitazama. Nimekiangalia hicho chumba. Hakiendi kwako, hakitoki kwako. Una nyumba nzima, unataka kujifungia kichumba cha nyuma, usituone na tusikuone. Mtu asijijengee gari bovu, Digrii.

Katika yote waliyoyadhani tangu kahawa ya kwanza, hilo ndilo nililoona vigumu kulijibu.

—Chumba si changu, nikasema.

—Cha nani, sasa?

—Ni changu, alisema mama mkwe wangu. Kama nitakubali.

Alikuwa amesimama nyuma yetu, mkoba begani na fimbo mkononi. Kliniki walimhudumia mapema, na njia ya kuja kwangu inapita mbele ya kinyozi. Mama mkwe wangu alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, na nusu ya mtaa imepita mikononi mwake. Wote waliinuka kwa pamoja. Nilibaki nimekaa peke yangu na ubao ukanyanyuka upande wa pili, nikawahi kuishika kompyuta, kisha nami nikasimama.

—Shikamoo mama.

—Marahaba, mwanangu.

—Shikamoo mwalimu, waliamkia wengine kwa sauti moja, kama darasa.

—Marahaba. Nimewasikia tangu kule kwa fundi viatu. Nani mnene?

Breki alitazama barabara kwa makini, kana kwamba kuna gari analolisubiri.

Nilianza kumwambia samahani, kwamba sikusema kitu, kwamba walidhani wenyewe. Alinikata kwa kiganja. Alikaa pale Nondo alipokuwa amekaa, akaegemeza fimbo ukutani, akatoa miwani kwenye mkoba, akaipangusa kwa pindo la mtandio, akaivaa.

—Nionyeshe.

Nikamwonyesha kwa mshale. Hapa mlango wako, mama. Hapa jiko, dirisha linatazama upande ambao jua linatoka. Hapa kitanda, na huku pembeni nafasi ya kiti. Bafu hili, halina kizingiti. Alifuata mshale kwa macho. Kwenye mlango mpana alinisimamisha.

—Huu ni kwa ajili ya fimbo?

—Ndiyo. Na baadaye, ikihitajika, kiti cha magurudumu.

—Una haraka na mimi.

—Hapana, mama.

—Nakutania.

Alilirudia dirisha la jikoni. Alimtaja binti yake, kwa jina lile la utotoni, akasema yeye angetaka dirisha kubwa zaidi, maana alikuwa hapiki gizani. Nililivuta dirisha mpaka aliposema basi. Vipimo vikajibadilisha vyenyewe pembeni, na Breki akaguswa na jambo hilo kuliko yote aliyoyaona.

Sasa wenzangu wakapata nguvu. Walikuwa wamesimama nyuma yake katika mstari, na kwa jinsi walivyoanza kunisifia ungedhani chumba wamekichora wao.

—Hii ndiyo heshima, mwalimu, alisema Nondo. Ona ukuta huu. Mzima, hauna tundu. Hata ukitaka kukutana naye kwa bahati mbaya huwezi.

—Mkwe wa kweli, alisema Wakili. Ukaribu na ukwe havikai chungu kimoja. Ndiyo maana nikasema hapa, nchi mbili.

—Mimi nililisema tangu mwanzo, alisema Breki. Waulize. Nilisema huyu ana nia.

—Ulisema handaki, alisema Shangazi.

Mama alikuwa bado anatazama katikati ya mchoro.

—Ukuta huu umeuweka kwa ajili yangu?

—Kwa ajili ya maneno ya watu, mama. Ulisema ukisikia neno moja—

—Nilisema. Watu wenyewe ndio hawa?

Niligeuka nikawatazama. Nao walitazamana.

—Hawa wameshasema mashine, alisema. Wameshasema mke. Ukiwapa mlango watasema mlango, ukiwapa ukuta watasema ukuta. Neno nimeshalisikia, na magoti yangu yako vilevile. Aliinua miwani kidogo, akaishusha tena puani. Chumba ni kizuri. Lakini chumba cha kupanga ninacho tayari, mwanangu, na jirani nisiyeonana naye ninaye. Hebu niambie jambo moja. Niko hapa jikoni, sufuria iko motoni, nimeishiwa chumvi. Napita wapi kuja kwako?

Nilishika kipanya nisogeze mshale, nikaona hakuna pa kuusogeza. Nondo akataka kuniokoa. Aliweka kidole kwenye jiko.

—Unatokea hapa, mwalimu. Unashuka mteremko polepole. Unafuata ukuta wa ua, hapa, hapa. Hili geti lako. Unatoka barabara ya nyuma, unakata kushoto, halafu unakwenda. Unakwenda—

Kidole kilifika mwisho wa mchoro, kikapanda fremu ya kompyuta, kikaendelea hewani upande wa pili, kikisogea kuelekea jiko la Shangazi. Nondo akakitazama. Akakirudisha mfukoni.

—Na mvua ikinyesha? aliuliza mama.

Wakili alilichukua gazeti lake. Breki aliinama kutafuta kikombe alichokuwa amekiweka chini. Mimi nilitazama ule mstari mnene ambao nilikuwa nimeupima mara nyingi kuliko mstari mwingine wowote, na nilijua unene wake, urefu wake, na idadi ya matofali yatakayoingia.

Mama alivua miwani, akaishika mapajani, akanigeukia jinsi alivyokuwa akiwageukia watoto wa shule, bila hasira na bila haraka, akingoja nimwonyeshe mlango.